Swali Nililomuuliza Kasereka

Kwenye kituo chetu cha afya ya akili, pale Butembo, kila mwanafunzi wa staji, yaani mafunzo ya kazi, ana daftari lake. Humo hatuandiki ugonjwa wa mtu. Tunaandika tulichofanya sisi wenyewe, na kwa nini. Ijumaa tunamsomea Mama Mariette, msimamizi wetu, na bila sahihi yake hakuna anayemaliza.

Wiki ile sikutaka Ijumaa ifike.

Jumanne nilikuwa nimempokea mtu peke yangu kwa mara ya kwanza: Kasereka, fundi wa pikipiki aliyehamia kutoka Beni. Hakuwa akilala, na mikono ilimtetemeka hadi spana zikamponyoka kazini. Mimi ni mtu wa aibu. Niliinamia fishi yangu, ile karatasi ya kujaza, nikasoma maswali moja baada ya jingine. Nilipomuuliza kwao wamezaliwa wangapi, alisema yuko peke yake.

Kwetu Wanande, jina hutaja zamu ya mtoto. Kasereka ni mwana wa kiume wa tatu, baada ya Paluku na Kambale, hakuna asiyejua. Niliona jibu halilingani na jina, na nikafurahi kwamba nimeliona. Nilitabasamu hata.

"Kasereka ni wa tatu, papa. Sasa Paluku na Kambale bako wapi?"

Alinitazama mpaka tabasamu likanitoka.

"Mademoiselle, uko polisi?"

Akainuka, akaenda zake.

Delphin, mwenzangu wa staji, ametoka mtaa mmoja naye huko Beni. Ndiye aliyenieleza kwamba kaka zake wawili walikwenda kuvuna kakao mwaka juzi, na waliorudi ni watu waliobeba miili yao. Kisha aliponiona nimekaa na daftari bila kuandika, akanihurumia kwa namna yake.

"Sifa, andika tu mugonjwa hakukuwa tayari. Njo vile bote banaandikaka. Hata Mama Mariette, mbele ya kuzeeka, alikuwa anaandikaka vile."

Niliandika hivyo. Halafu nikauchana ule ukurasa.

Ijumaa nilisoma kwa sauti ndogo, Mama Mariette akaniomba nirudie. Nilirudia: mimi nimekulia Beni. Mtu wa Beni akisema yuko peke yake, najua mauaji gani yanaweza kuwa nyuma ya neno hilo. Nilijua kabla sijafungua mdomo. Niliuliza kwa sababu nilitaka fishi yangu iwe sawa.

Hakunikemea. Alisema sahihi yake hataitoa mwaka huu. Nitakaa miezi mitatu zaidi, nyuma yake, nikisikiliza. Kisha akamtuma Delphin kwa Kasereka, amwambie kwamba atampokea yeye mwenyewe, na kwamba yule binti amekiri kosa lake.

Siku tisa zilipita. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba nimemfungia mtu mlango, ndipo Kasereka akaja. Mama Mariette alimuuliza kama nibaki au nitoke. Nilikuwa nimekwisha kusimama.

"Abakie," alisema bila kunitazama. "Lakini asiniulize kitu."

Nikaketi. Mama Mariette aliweka kalamu chini. Nje pikipiki zilipita, zikapita. Kisha Kasereka akaanza kusimulia habari za kaka yake Kambale: alivyoimba vibaya katika kwaya ya parokia, na hakuna aliyethubutu kumwambia, maana ndiye aliyewaletea wote ndizi.

Alicheka kidogo, akajifuta uso kwa mkono.

Habari za Paluku hakuzifikia siku ile.