Tarehe ya Kuiva

Asubuhi hiyo Mzee Kola alikanyaga mguu wa mtoto. Haikuwa mara ya kwanza. Tangu shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, ahamie kwao na wanawe wawili, sebule yote ilikuwa magodoro kutoka ukutani hadi mlangoni, na mtu wa kuwahi kazini hakuwa na pa kuweka unyayo. Mtoto aliguna, akageuka, akaendelea kulala. Mzee Kola aliingia jikoni amevuta mdomo.

"Sina nyumba tena," alimwambia mkewe. "Nina stoo ya watu."

Mkewe alikuwa anamimina chai. Hakugeuka. "Kuna chumba kimepatikana, nyumba ya tatu kutoka kwa fundi viatu. Mwenye nyumba amekubali kumwekea mpaka Jumamosi. Anataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo."

"Basi achukue."

"Achukue na nini? Mshahara wa kuanzia?" Sasa aligeuka. "Wewe si ndiye mwenye kalamu? Msainie."

Hapo inafaa tueleze habari ya kalamu. Mzee Kola alikuwa fundi mkuu wa chumba cha pasi katika kiwanda cha udobi, kinachofua nguo za mahoteli, hospitali na shule. Jina la Kola alibandikwa na wafanyakazi wake, kwa sababu kwake yeye shati ni kola, kwingine kote ni kitambaa tu. Alikuwa anapitisha kidole gumba upande wa ndani, na akigusa mkunjo hata wa unene wa uzi, shati linarudi mezani. Kiwandani hapo kila anayeanza alilipwa mshahara wa kuanzia, nusu ya mshahara kamili, mpaka fundi mkuu atie saini fomu kwamba mtu huyo ameiva. Muda haukuwekwa. Wapo walioiva kwa mwaka, wapo waliokaa mwaka na nusu, na Mzee Kola alikuwa anajisifu kwa hilo kila alipopata wa kumsikiliza. Pasi si mchezo, alikuwa anasema, huku amevimba kichwa kama daktari wa upasuaji.

"Kola yake bado," alimjibu mkewe.

"Bado?"

"Bado kidogo. Na nikimpitisha sasa watu watasema nimembeba kwa sababu ni ndugu."

Mkewe aliweka birika chini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini siku akiyatoa anayatoa yote. "Haya, niambie. Analala kwa nani? Wanawe wanakula kwa nani? Sabuni, maji, madaftari ya shule, anatoa nani? Kiwanda kinampa nusu ya mshahara, nusu nyingine unampa wewe. Umeajiri mtu, bwana, na wala huna habari."

Mzee Kola alijitia hamnazo, akanywa chai yake ikiwa moto vilevile, akaungua ulimi. Njiani maneno yale yalimwandama. Alijaribu kupiga hesabu ya kile alichokuwa anatoa kila mwezi, akaiacha katikati kwa hasira. Kufika getini alikuwa ameshakata shauri: ataenda kwa meneja kudai mshahara wa kuanzia uongezwe. Hilo lilimpendeza, maana halikugusa kola ya mtu.

Meneja alikuwa kijana mwenye adabu, na shati lake siku zote lilipigwa pasi na Mzee Kola mwenyewe. Alimvutia kiti.

"Mzee wangu, shida ninaiona," alisema baada ya kumsikiliza. "Lakini mshahara wa kuanzia si wa kuishi, ni wa kujifunzia. Mahoteli yanatubana bei kila mwaka. Nikimlipa anayeanza kama fundi, kazi zote zinahamia kwa jirani, na nyie mafundi mtakaa nyumbani. Halafu anayeanza hayuko peke yake. Ana wazazi, ana ndugu. Ana watu wake."

"Watu wake ni mimi," alisema Mzee Kola.

Meneja alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Alishusha sauti. "Basi kama ni shemeji yako, mpitishe. Hilo litabaki kati yetu wawili. Ila wale wanne wengine waache mpaka mwakani. Unajua, mzee, ukali wako umetusaidia sana. Mwaka jana chumba chako ndicho kilichotuokolea bajeti."

Aliyasema kwa nia njema kabisa, kama mtu anayempa mwenzake zawadi. Mzee Kola alihisi masikio yanawaka. Miaka kumi na saba alikuwa anaamini kwamba analinda kola, kumbe alikuwa analinda mfuko wa mtu mwingine, na bure. Aliona aibu hata akashindwa kuaga vizuri. Alichukua fomu tano mezani kwa karani na kurudi chumba cha pasi.

Wakati wa mapumziko alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliwafuata wale wanne, mmoja mmoja, akawauliza: "Wewe unakaa kwa nani?"

Wa kwanza alikuwa mwanamume wa makamo, zamani mlinzi, mwenye kipara kinachotoa jasho hata kabla pasi haijapata moto. "Kwa binti yangu," alisema, akitazama chini. "Yeye ndiye ananipa nauli." Wa pili, mama anayepiga mashuka, alikuwa analipiwa kodi na kaka wa marehemu mumewe, na kila mwisho wa mwezi alikuwa anasimangwa kwa kodi hiyo. Wa tatu alikaa kwa mama yake. Mama ana miaka sabini na bado anafagia soko.

Wa nne alikuwa mcheshi wa chumba kizima. "Mimi? Mimi nina nyumba yenye joto, mzee. Nyuma ya boila. Usiniseme tu."

Wenzake waliangua kicheko. Mzee Kola hakuweza. Kumbe kila pasi mle ndani ilikuwa na mtu wa pembeni anayeilipia, na huyo mtu wala hayumo kwenye daftari la kiwanda. Aliwaaga, akaenda kukaa kwenye meza yake ya ukaguzi na zile fomu.

Fomu ilikuwa fupi. Jina, namba ya kazi, na mstari mmoja: ameiva tangu tarehe. Kwa mazoea mstari huo hujazwa tarehe ya siku ya kusaini, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Lakini nyuma ya karatasi, kwa maandishi madogo, kulikuwa na kanuni: mshahara kamili unahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa. Mzee Kola aliisoma mara mbili. Ukiweka leo, shemeji atapata mshahara kamili mwisho wa mwezi ujao, na chumba kitakuwa kimeshapata mtu. Ukiweka ya kweli, kiwanda kitawalipa malimbikizo, na fundi mkuu atakuwa amekiri kwa mkono wake kwamba alijua na akanyamaza. Watu walishaondolewa kwenye meza hiyo kwa madogo kuliko hayo.

Na ya kweli aliijua. Hapo ndipo palipokuwa pabaya. Kidole chake hakijawahi kusahau kola, na kwa kila mmoja wa wale watano aliikumbuka wiki ambayo mkono wake ulinyooka. Alipiga moyo konde, akaandika tarehe tano, akatia saini tano.

Meneja alizisoma amesimama. "Mwezi wa tatu? Tuko mwezi wa nane, mzee. Huyu umemwandika mwezi wa nne, huyu wa tano. Unaelewa unachosema hapa?"

"Ninaelewa."

"Unasema umewaweka watu walioiva kwenye nusu mshahara kwa miezi."

"Ndivyo nilivyofanya."

"Mimi nilikwambia mmoja."

"Nilisikia."

Meneja alizitazama tena kama anayetafuta kosa la kalamu. Kanuni ilikuwa ya kampuni, na saini ilikuwa ya mtu ambaye kampuni yenyewe ilimpa kazi ya kusaini. "Nitazilipa," alisema mwishoni. "Sina namna. Barua ya onyo utaipata, na meza ya ukaguzi tutaizungumza." Aliziweka fomu mezani. "Na wale watatu wanaoanza Jumatatu? Utanifanyia hivihivi?"

"Jumatatu wanaanza kazi, hawaanzi kula. Kula walianza zamani," alisema Mzee Kola. "Walipeni kama watu wanaokula."

"Hilo si lako kuamua, wala si langu."

Hilo lilikuwa kweli, na Mzee Kola alilijua. Alitoka.

Ijumaa karani aliwaita watano wale dirishani. Yule mcheshi alirudi akicheza peke yake katikati ya meza, na mlinzi wa zamani aliketi juu ya kapu la foronya akijifuta kipara kwa muda mrefu kuliko jasho lililokuwepo. Shemeji alikuja moja kwa moja kwenye meza ya ukaguzi, bahasha mkononi. Kodi ya miezi mitatu ilikuwemo, na chenji juu. Mwanamke huyu alikuwa na utani kwa kila jambo. Miezi minane sebuleni kwa watu alikuwa anaila kwa kicheko, akimwita Mzee Kola mume mdogo, na wanawe wakicheka wakimwita baba mkubwa mwenye mdomo mrefu.

"Shemeji," alisema, "karani kaniambia nimeiva tangu mwezi wa tatu. Nikamwambia umekosea, baba, mimi mpaka Jumatatu hii narudishiwa mashati."

"Hajakosea."

Shemeji alikuwa bado anatabasamu, akingoja kumalizia kwa utani. "Kwa hiyo yale mashati uliyonirudishia?"

Mzee Kola angeweza kusema kuna moja moja lililokuwa na kasoro. Maneno yalikuwa tayari kabisa mdomoni. "Yalikuwa sawa," alisema.

"Yote?"

"Yote. Niliogopa watasema nakubeba. Na nilipenda kuitwa mkali."

Tabasamu lilimtoka shemeji taratibu. Alitazama bahasha, kisha akamtazama yeye. "Nilikuwa nabaki nyuma kuyarudia," alisema. "Kila siku saa nzima, siku nyingine saa mbili, nawakuta wanangu wamelala na nguo za shule. Nikawa najiambia mikono yangu ina nini, mbona wenzangu wanaweza. Nilikuwa naitazama mikono yangu, shemeji."

Mzee Kola alitaka kuomba radhi, na radhi aliiomba, lakini kwa sauti ndogo iliyomezwa na mvuke wa pasi thelathini. Hakujua kama imesikika.

Shemeji aliikunja bahasha mara mbili, akaitia kifuani. Alijipangusa macho kwa kiganja, haraka, kama mtu mwenye kazi nyingi inayomsubiri.

"Ahsante kwa kusaini," alisema. "Najua umejitia matatani, na kesho nitakushukuru vizuri. Ila leo usinisemeshe."

"Sawa," alisema Mzee Kola.

Shemeji alirudi kwenye meza yake, akachukua shati lililofuata, akaendelea na kazi.