Jina la Baba Mkwe

Jambo la kwanza nililofundishwa baada ya kuolewa halikuwa kupika. Lilikuwa kunyamaza. Asubuhi ya kwanza baada ya harusi, masufuria ya kukodi hata hayajarudishwa, shangazi Marietha alinikalisha jikoni. Yeye ni dada wa baba mkwe wangu, na nyumba yake iko ng'ambo ya njia. Aliniambia kwamba katika ukoo wao mke hataji jina la baba wa mumewe. Hataji akiwepo, hataji asipokuwepo, hataji hata akiota.

"Na nikiota nikalitaja?" nikauliza.

Hakucheka. Mimi nina mdomo, na mama yangu alishanionya kwamba siku moja utanirudisha nyumbani.

Kwetu Iramba, kwa baba yangu, sikuwahi kuona mambo hayo. Wake za kaka zangu humwita mzee Hosea mchana kweupe na chai inaendelea kunyweka. Lakini nilikuwa nimeolewa Sepuka, na Calist nilimpenda kweli, basi nikalimeza lile jina. Na kwa kuwa nililimeza, sitaliandika hapa mpaka lifike mahali pake.

Hayakuishia kwenye jina. Sikutakiwa kukaa karibu na mzee, wala kupita mbele yake, wala kumpa kitu mkononi. Chai yake niliiweka kwenye kigoda, nikarudi nyuma, ndipo akaichukua. Tuliishi ua mmoja tukikwepana kama watu wanaodaiana. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kutwa nzima. Nilikuwa na hakika kwamba hanipendi, na jambo hilo liliniuma kuliko nilivyomwambia Calist. Nilitaka pale pawe kwetu, na kila nilipomwona yule mzee akinigeuzia bega nilijisikia mgeni aliyesahau kuondoka.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye koti zito ambalo jua la Singida halijawahi kumvua. Shida yake ilikuwa macho. Alianza kumimina chai pembeni ya kikombe. Siku moja nilimwona zizini akikiinamia kiroba cha pumba na kukisemesha kwa upole, akidhani ni ndama. Nilicheka peke yangu, halafu nikamwonea huruma.

Ndipo tukasikia madaktari wa macho wanakuja kituo cha afya cha Ihanja. Shangazi Marietha ndiye aliyekuwa ampeleke, lakini siku yenyewe aliamka goti lake likiwa limevimba. Calist alikuwa amepeleka alizeti kukamua mjini, na foleni ya mashine msimu ule ilikuwa haina mwisho. Nikabaki mimi.

"Utamweza?" shangazi aliniuliza.

"Nitamweza, shangazi."

"Na mdomo wako?"

Nikamwambia mdomo nitauacha nyumbani.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili, maana mkwe hawezi kubanana na baba mkwe kwenye kiti kimoja. Vijana wa bodaboda hawakuuliza. Walituangalia mara moja wakaelewa. Mzee alitangulia, mimi nyuma nikila vumbi lake, nikiliangalia lile koti likipepea. Nilijiambia kwamba nikimrudisha salama, labda atanisemesha maneno mawili zaidi ya marahaba.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa wazee kutoka kila upande. Turubai lilikuwa limefungwa nje, mabenchi yamepangwa, na mbele kidogo ndiyo ilikuwa barabara kuu yenye malori yake. Mzee alijiandikisha mwenyewe. Muuguzi alipoita jina lake, niligeuza uso kana kwamba ametukana. Walimtia dawa ya kufungua mboni, wakamwambia akae afumbe macho mpaka daktari amwite.

"Wewe ni binti yake?" muuguzi akaniuliza.

"Mkwe wake."

"Kaa naye basi. Kwa sasa haoni kitu, hasa kwenye jua."

Nikakaa naye kwa namna ya ukoo wao. Yeye benchi la mbele, mimi nyuma kabisa, nimeegemea ukuta. Karibu yangu alikuwa Agripina, tunayesali naye Sepuka, amemleta mama yake. Akanisalimia, akaanza kunisifia kitenge changu, nami nikaanza kumweleza fundi aliyekishona. Nilipoinua macho, benchi la mbele lilikuwa na nafasi.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Mzee alibanwa na mkojo. Baba mkwe gani atamwambia mkwe wake kwamba anakwenda kujisaidia? Angemwambia Calist, au mtu asiyemjua. Mimi ndiye pekee pale ambaye asingeweza kumwambia, na mimi ndiye niliyeletwa kumwangalia. Basi akainuka kimya, akapapasa fimbo yake, akaelekea alikodhani ndiko kwenye vichaka. Vichaka vilikuwa ng'ambo ya barabara.

Nilimwona akiwa ameshatoka kivulini, mkono umefunika uso kwa ajili ya jua. Upande wa Singida lilikuwa linakuja lori lililojaa magunia, na dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi. Nikakimbia. Lakini katikati yetu kulikuwa na mabenchi, na magongo, na miguu ya watu.

"Baba!" niliita.

Chini ya turubai lile kila mwanamume alikuwa baba wa mtu. Waligeuka wote, hata kijana mmoja aliyepakata mtoto mchanga. Yeye hakugeuka.

"Baba Agnes!"

Agnes ni wifi yangu, mtoto wa kwanza wa mzee, ameolewa Unyambwa. Wazee wawili kwenye benchi wakainua mikono kuonyesha wapo. Yeye akaendelea, fimbo mbele, mguu mmoja ukikaribia lami.

Nikalitoa jina. Nililitoa kwa sauti ninayofukuzia ndege kwenye mtama.

"Simeoni!"

Jina tupu, bila mzee, bila baba. Akasimama hapohapo. Lori likapita mbele yake na vumbi lake lote, na upepo ukalitupa lile koti nyuma.

Nilipomfikia nilisimama pembeni yake. Nilitaka kumshika mkono na sikuthubutu, basi nikashika ncha ya fimbo yake. Naye akashika upande wa pili, nikamvuta taratibu mpaka nyuma ya kituo, mahali pa kujisaidia. Nikampa mgongo nikasubiri. Tuliporudi turubaini watu walinikodolea macho, na Agripina alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, simu yake iko mkono wa pili. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini.

Daktari alimpima, akasema anahitaji miwani, tuifuate wiki inayofuata. Mzee aliitikia. Njia nzima ya kurudi nililiangalia koti lake kwenye pikipiki ya mbele, na safari hii sikujiahidi kitu.

Shangazi Marietha alikuwa amefika nyumbani kabla yetu, na goti lake lile lile lililoshindwa kwenda Ihanja. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni. Calist alikuwa amesharudi kutoka mjini, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hata mikono hajanawa mafuta ya alizeti. Mzee aliongozwa kwenye kiti chake, akakaa, akafumba macho.

Shangazi alianza kwa Kinyaturu, halafu akahamia kwenye Kiswahili ili nisikose hata neno. Alisema nimemvua nguo kaka yake mbele ya Ihanja nzima. Alisema kesho asubuhi nirudi Iramba kwa baba yangu, nisirudi mpaka wazee wa kwetu wanilete wenyewe, na mbuzi mbele yao.

Nilimjua baba yangu. Mbuzi angempata. Lakini kuja kuinamisha kichwa kwa sababu binti yake alizuia mtu asigongwe na lori, hilo asingelifanya. Ningekaa kule, Calist angekaa huku, na wazee wa pande mbili wangesubiriana mpaka ndoa iote majani. Hata picha zetu za harusi zilikuwa bado ziko studio.

"Shangazi," Calist alisema, macho yake yako kwenye viatu, "angegongwa je?"

"Asingegongwa. Mungu yupo."

Calist akanyamaza. Nilimkasirikia sana kwa kunyamaza kule. Nilipiga magoti mbele ya shangazi na mdomo wangu, ambao siku zote hauna breki, haukupata hata neno moja.

"Kaka, sema na wewe," shangazi akageukia kwenye kiti. "Huyu alikuita, hakukuita?"

Mzee hakufumbua macho.

"Sikusikia," alisema.

"Watu wa Ihanja wote wamesikia. Agripina amenipigia simu, amesikia. Wewe mwenye jina ndiyo hukusikia?"

"Sikusikia."

"Basi ulisimama kwa nini?"

"Nilichoka."

Shangazi akamwangalia. Mimi pia nilimwangalia, ingawa sikutakiwa. Yule mzee alikuwa akisomea watu amri za Mungu kila Jumapili, na sijawahi kusikia mtu akisema ameongeza au kupunguza neno.

"Kaka, wewe ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo. Na wazee wa kanisa huchoka." Alijiweka sawa kwenye kiti. "Marietha, anayesemwa ametajwa ni mimi. Mimi sikusikia kitu. Sasa huyo mbuzi atakuja kumlipa nani?"

Shangazi alifungua ile khanga ya kiunoni, akaifunga upya bila sababu, kisha akalalamika kwamba goti linamuuma na giza linaingia. Calist akainuka haraka kumsindikiza. Alipopita karibu yangu aligusa bega langu, na hasira zangu kwake zikapungua kidogo, si zote.

Nikabaki nimepiga magoti pale uani na baba mkwe wangu. Nilijua amesikia. Nilikuwa nimeyaona mabega yake yakishtuka kule barabarani. Nilitaka kumshukuru na sikujua mkwe humshukuru vipi baba mkwe kwa uongo, maana hilo hakuna aliyenifundisha. Nikaanza kuinuka ili niende jikoni.

"Mkwe," aliita. Uso wake ulikuwa umeelekea zizini.

"Abee, baba."

"Wiki ijayo tunafuata miwani."

"Ndiyo, baba."

Akapapasa kichwa cha fimbo yake.

"Ukiniona tena naelekea barabarani," alisema, "usihangaike na baba. Wala usipitie kwa Agnes." Akakohoa. "Anza na lile la tatu."

Nikaitikia, nikaingia jikoni, nikainjika maji ya ugali, nikalia mpaka yakakauka sufuriani.