Ng'ombe wa Burgl Washuka na Mataji

Theluji ilipokatika asubuhi, Notburga Rainer, ambaye bonde zima lilimwita Burgl, alikama ng'ombe, akachuja maziwa, kisha akaanza kung'oa mbao za uzio.

Theluji ilikuwa imewahi. Septemba haijaisha, na tayari njia ya kushukia kijijini imezikwa, majani makavu yakikaribia kwisha. Huko Tirol, milimani Austria, ng'ombe hushushwa kabla ya baridi wamevikwa mataji ya maua; akifa ng'ombe au mtu wa nyumbani, kundi zima hushuka vichwa vitupu. Mwaka uliopita walishuka hivyo kwa msiba wa baba yake Burgl. Mama yake, Zenzi, alikuwa ameshasuka mataji mapya na kuyapandisha mlimani mwenyewe.

“Mwaka wa pili siuwezi, mwanangu,” alisema.

Majira ya baridi Burgl alifundisha wageni wa kitalii kuteleza kwenye theluji kwa mbao miguuni. Baba yake alimfundisha kabla hajajua kusoma, naye alitaka kuongoza watu wazima kwenye miteremko mirefu, kama baba. Lakini kila Desemba mkuu wa shule ya kuteleza, Bwana Gstrein, alimpa watoto wa chekechea. Wageni, alisema, hawamfuati msichana mlimani.

Burgl aliwafunga ng'ombe zile mbao za uzio kwatoni, akasimama mbele yao.

“Ncha zikutane, nyuma patanuke. Liesl, usimtazame mwenzio. Tazama mkono wangu.”

Liesl alianguka mara kadhaa, kama waanzao wote. Florl, maksai pekee, aliegemea nyuma, kosa la wanaume wengi, akarekebishwa. Kufika adhuhuri walikuwa wanakata kona.

Mama Zenzi aliwavisha mataji. Burgl akatangulia, akainua mkono, na kundi likateleza nyuma yake mstari mmoja, kengele zikilia, maua yakipepea, wakapita korongo ambalo baba alimwonyesha zamani. Hakupotea hata ndama. Kijijini bendi ilikuwa imejipanga, ikapiga. Mama Zenzi, aliyeshuka mgongoni kwa Liesl, alicheza hadi viatu vikamuuma.

Bwana Gstrein alitazama yote.

“Yule maksai ana kifua,” alisema. “Wageni watampenda.”

Desemba Florl akapewa koti jekundu na darasa la watu wazima. Burgl akapewa watoto wa chekechea.

“Burgl, ng'ombe wako kakupita cheo,” mwoka mikate alimtania.

“Cheo kakipata. Njia je?”

Siku ya kwanza Florl aliwapandisha wageni kileleni, akasimama. Bwana Gstrein alipuliza filimbi, akamsukuma, akamwahidi chumvi. Florl hakusogea. Alikuwa anatazama chini kabisa, kwenye kijiteremko cha watoto.

Burgl alimaliza kumvisha mtoto mmoja glavu, akainua mkono.

Watoto wakateleza. Juu yao Florl akateleza, na nyuma ya Florl wageni wote, wakikata kona kila mkono ulipokata, hadi chini, bila hata mmoja kuanguka.

Tangu hapo darasa la Florl huanza hivyo kila asubuhi. Bwana Gstrein bado anasema wageni hawamfuati msichana mlimani.