Miguu Juu Mbele ya Mkwe

Mwaka tisini na nane Fathiya alibuni mikanda ya kufungwa mapajani, ya kuzuia damu ya wanaanga isikimbilie kichwani, maana huko juu hakuna uzito wa kuivuta miguuni. Wazo zuri, ila Guangzhou, huko China alikokuwa akisoma, hakuna anga la kukodi. Inabidi umlaze mtu kwenye kitanda kilichoinamishwa upande wa kichwa, usiku na mchana, asiinuke hata kula. Uso ukishavimba ndipo unaijaribu mikanda yako. Na nani atakubali mateso hayo kama si mumeo?

Marijani aliacha biashara yake ya redio mtaa wa Xiaobei, akalala. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Bimkubwa, mama yake Fathiya, aliyekuja kununua mapazia, alipoleta uji wa mgonjwa. Mwanamume wa Unguja kalala chali, nyayo zinamtazama mama mkwe usoni? Wapi. Marijani alikurupuka, akakaa kitako, akamwamkia kwa adabu zote, na kazi nzima ikaharibika.

"Ulitaka nimwamkie kwa nyayo?" alimuuliza mkewe.

Profesa Liang, mkuu wa maabara, alitoa nafasi moja tu ya kurudia. Ikiharibika tena, mikanda iishie kabatini. Fathiya alilia kwa hasira, kisha akamkataza mama yake kukanyaga maabara. Ilimuuma kumwambia mzazi hivyo, lakini alimwambia.

Marijani akalala upya. Alivimba uso, mgongo ukamwaka moto, hata utani ukamwisha. Siku ya mwisho mlango ulifunguliwa. Bimkubwa huyo, na bakuli lake limefungwa kwenye kanga.

"Mkwe wangu anateseka, nami nisije kumjulia hali?"

Shingo ya Marijani ilianza kukakamaa. Lakini Bimkubwa alikwisha kufungua kanga, akazifunika zile nyayo. Kisha, na magoti yake mabovu yale, alijishusha kidogo kidogo mpaka sakafuni, kichwa chake kikawa chini ya cha mkwewe.

"Haya, baba, niamkie. Niliye chini ni mimi, huna haja ya kuinuka."

"Shikamoo, mama," Marijani alisema akiwa amelala, machozi yakimwingia masikioni.

"Marahaba, mwanangu."

Akakaa papo hapo mpaka vipimo vikaisha, na mikanda ikaonekana imefanya kazi. Magoti yalikuwa yamekataa kunyooka. Aliyekimbilia kumnyanyua ni Marijani, naye mwenyewe akipepesuka. Fathiya aliwashika wote wawili, mmoja huku mmoja huku, akamwomba mama yake radhi.