Jina la Kimbunga

Ramani ya vimbunga nimeibandika dukani kwangu, ukutani, kati ya rafu ya mishumaa na picha ya Bikira Maria. Kampuni moja ya bima hutugawia ramani hizi hapa kisiwani kila Juni ili tujue tutakufa na nini. Redio ikitaja kimbunga, mimi huchoma pini yenye kibendera cha jina lake. Mwaka huu pini ziliniishia Septemba, nikaanza kugongomea misumari ya bati.

Majina hupangwa na wakubwa wa hali ya hewa kabla msimu haujaanza, kwa alfabeti, mwanamume kisha mwanamke. Aldo alikuja Mei, msimu wenyewe haujafunguliwa, akalowesha nguo zilizoanikwa akaenda zake. Bernice alizaliwa na kufa baharini bila kuonana na mtu. Claude alitangazwa siku tatu mfululizo. Shule zikafungwa, mikate na ramu vikaisha dukani, nami sitakuwa mnafiki, nilimshukuru sana Claude. Kisha akakata kona kaskazini. Aliyekuja kweli ni Delphine. Alichukua gati, migomba yote ya bondeni, na kengele ya Wamethodisti ambayo haijaonekana hadi leo. Msaada wa Delphine ulichelewa wiki sita, ila Waziri alifika upesi kupigwa picha, amevaa buti mpya za mpira zenye karatasi ya bei bado imebandikwa kisiginoni. Edgar, Fabienne, Gideon na Honorine walipita wamefuatana, hata sikumbuki nani alivunja nini.

Halafu ikaja Namba Kumi.

Namba Kumi haikuwa na jina. Kila upepo huanza na namba; wa tisa ulifia baharini, na huu wa kumi haukufika kile kipimo cha kupewa jina, kwa hiyo redio iliiita mgandamizo mdogo wa hewa, ikarudi kwenye muziki. Ilikuwa Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Ma Philo, jirani yangu, mjane wa miaka sabini na minne, alikuwa kwenye jiko lake la uani anamenya majimbi. Akasikia nyumba inapiga kelele. Akawahi tu kutoka na kuliona paa lake zima linavuka barabara na kutua kwenye uwanja wa Wamethodisti, limekunjamana lisifae kitu. Ma Philo ni Mkatoliki asiyekosa misa. Nadhani hilo la kutua kule lilimuuma karibu sawa na paa lenyewe.

Siku nne baadaye ikawa zamu ya Irvin. Serikali, baada ya kuaibishwa na Delphine, safari hii ilitaka kuwahi. Ijumaa Irvin akatangazwa kuwa janga la taifa, naye alikuwa anatarajiwa Jumamosi. Jumamosi likatoka jua ambalo hatukuliona tangu Pasaka. Bahari ikatulia. Cuthbert, ambaye hucheza dhumna kwenye baraza la duka langu tangu asubuhi hadi mkewe amfuate, alivua shati akasema, "Kama hili ndilo janga, waliongeze wiki moja."

Lakini tangazo lilikuwa limeshatiwa sahihi, na meli ya mabati ilikuwa imeshang'oa nanga huko ng'ambo, kila furushi limeandikwa IRVIN. Mabati hayawezi kurudi. Ikabidi hasara itafutwe. Kijiji kizima kikaanza kukumbuka mambo ambayo Irvin aliyafanya wakati sisi tukiota jua. Cuthbert akakumbuka choo chake. Mwenyekiti akakumbuka banda la nguruwe. Mimi nilikumbuka baraza langu, ambalo ubao wake ulidondoka tangu Februari. Nikaweka sahihi, nikapewa mabati kumi na mawili, nikaezeka baraza likapendeza.

Ma Philo naye nikampeleka mjini, ofisi ya misaada. Nilijua kwake hakuna mjadala, maana nyumba ilikuwa imebaki kuta na mbingu. Karani, Bi Laronde, binti mwembamba mwenye mafua yasiyoisha, akavuta fomu.

"Jina la kimbunga?"

"Namba Kumi," akasema Ma Philo.

"Mama, hiyo ni namba. Nimeuliza jina."

"Hakujitambulisha, mwanangu. Alichukua paa akaondoka."

"Bila jina fomu haiendi. Namba siyo janga, mama. Janga lazima liwe na jina, na liwe limetangazwa."

"Kwa hiyo paa langu liko wapi?"

Bi Laronde akapenga kamasi, akatazama mlangoni kama kuna mkubwa, akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya. "Nisikilize, mama yangu. Tarehe hazipishani sana. Andika Irvin. Irvin ana mabati mpaka hatujui tuyaweke wapi."

Ma Philo, ambaye alikuwa ameshashika kalamu, akailaza mezani.

"Irvin yupi?"

"Irvin, kimbunga."

"Mimi namjua Irvin mmoja tu."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Marehemu mumewe aliitwa Irvin. Fundi seremala, mtu wa maneno machache, amezikwa nyuma ya nyumba chini ya ule mti wao wa kiungo ambao majani yake yanayonukia Ma Philo hutia kwenye kakao.

"Mama, siyo yeye huyo," Bi Laronde akasema.

"Fomu haijasema siyo yeye. Fomu imesema Irvin." Sauti ya Ma Philo haikupanda hata kidogo. "Irvin aliiezeka ile nyumba mwaka tuliooana, ana homa, nikimwambia shuka, hashuki. Msumari mmoja mmoja. Leo niweke sahihi kwamba Irvin ndiye aliyenibomolea? Nikifa nikamkuta, nimwambie nini? Kwamba nilikusingizia kwa sababu ya bati?"

"Ma Philo," nikadakia, "paa ni paa. Jina ni herufi tano tu."

Alinitazama. Akairudisha fomu kwa karani, akatangulia kutoka.

Nilikasirika, nakiri. Nilikasirika kwa sababu nilijua kitakachofuata. Mwanawe Garvin, aliyeko Toronto, alikuwa amempigia simu siku ile ile paa lilipokwenda: "Mama, mwisho wa Novemba msimu unafungwa. Ukiwa bado huna paa, nakuja kukuchukua, na safari hii sitaki kelele." Ma Philo aliwahi kwenda Toronto mara moja. Alikaa miezi miwili dirishani, akarudi akisema kule watu wanafungiwa ndani bila kosa. Alichotaka duniani ni kimoja, kufia pale karibu na ule mti. Na sasa njia ilikuwa wazi mbele yake, neno moja tu kwenye fomu, naye hataki.

Dukani walimsema mpaka wakachoka. "Mwambie Irvin wako akupigie bati kutoka huko aliko," Cuthbert alimtania. Ma Philo akamjibu, "Irvin alikufundisha wewe kushika nyundo miaka mitatu, na mpaka leo unaishika kama kijiko." Watu wakacheka, Cuthbert akacheka pia, lakini naona lilimwingia.

Oktoba ikatuletea Josette, aliyelichana turubai la bluu la Ma Philo vipande viwili. Kisha Kelvin, aliyemalizia vile vipande. Kisha Lucille, Maurice, Nadège, na wengine mpaka herufi T, kila mmoja na maji yake. Nikamhamishia Ma Philo kwenye stoo yangu, kati ya magunia ya unga na kreti za soda. Mchana alikuwa anakaa barazani kwangu na bakuli lake, anachambua kunde, chini ya mabati yangu mapya.

Sijui kama umewahi kukaa chini ya bati uliloliiba, mvua ikinyesha, na karibu yako amekaa mtu aliyekataa kuliiba. Ni kelele mbaya sana. Nilikuwa naongeza redio.

Siku moja, mvua ya Rosemonde ikipiga, Ma Philo akainua macho juu.

"Mabati mazuri, Clem."

"Asante."

"Ya nani?"

Angeweza kuniuliza kitu kingine chochote. Nikajikuna shingo. "Ya Irvin," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye kunde zake. "Irvin alikuwa mtu wa kutoa," akasema.

Hakunikejeli. Ningefurahi angenikejeli.

Wiki ya mwisho ya Novemba Garvin akapiga simu. Ameshakata tiketi, anafika Ijumaa, Jumatatu wanaondoka wote wawili. Ma Philo alisikiliza, akasema "Sawa, mwanangu," akanirudishia simu. Kisha akaniomba boksi lolote lililobaki dukani. Nikampa la mishumaa. Akaanza kupanga: rozari, picha ya harusi, patasi ya Irvin. Akaniuliza kama nitawachukua mbuzi. Nikasema nitawachukua. Akaniuliza kama nitaumwagilia ule mti kiangazi. Nikasema nitaumwagilia. Nikatoka nje nikaegemea ukuta nikalia, mwanamke mzima mwenye duka lake, kwa aibu tupu.

Nilipomaliza kulia nilichukua ngazi na nyundo ya kung'olea, nikapanda juu ya baraza.

Chini yangu Cuthbert na wenzake walikuwa katikati ya mchezo. Bati la kwanza lilipotoka, jua likawapiga usoni.

"We mama! Umerukwa na akili?"

"Hameni."

"Tuhamie wapi?"

"Nenda chooni kwako. Si kuna bati jipya?"

Wenzake wakaangua kicheko. Cuthbert hakucheka. Akazilaza dhumna zake kifudifudi, akaondoka. Nilikuwa nang'oa bati la saba aliporudi. Kichwani amebeba mabati sita, na nyuma yake mkewe anapiga kelele kwamba sasa watu wazima wajisaidie hadharani.

"Usiniulize kitu," akaniambia. "Na usicheke. Hilo ng'oa taratibu, unalipinda. Irvin angekuzaba kofi."

Baada ya hapo walikuja kimya kimya, kama watu wanaopanga foleni ya kuungama. Huyu mabati manne, yule mawili na mbao za papi. Mwalimu alileta furushi zima ambalo hakuwahi hata kulifungua, akaondoka bila kuaga. Si wote. Mwenyekiti alituma ujumbe kwamba mabati yake yana matumizi ya kitaifa, na nguruwe wake wamelala pakavu mpaka leo.

Ma Philo hakuuliza mabati yametoka wapi. Alikaa chini ya mti wake, akapika majimbi na samaki wa chumvi kwa watu kumi na wawili, akamsimamia Cuthbert. "Hapo Irvin aliweka misumari miwili." Cuthbert anaongeza. "Hiyo kenchi Irvin angeirudia." Cuthbert anatukana kidogo, anairudia. Siku ya tatu misumari ikatuishia upande wa bahari, na dukani sikuwa na hata mmoja. Nikakumbuka ramani. Nikang'oa vimbunga vyote vya Oktoba, Josette mpaka yule wa T, tukavipigilia juu ya chumba cha kulala.

Garvin alifika Ijumaa na koti zito la manyoya mkononi, jasho linamtoka. Akasimama barabarani, akalitazama paa, akatutazama sisi. Mama yake alikuwa mlangoni.

"Umechelewa," Ma Philo akamwambia. "Ingia ule. Na hilo koti liache nje, linanuka."

Garvin akaingia. Jumatatu alirudi Toronto peke yake, na koti lake.

Lakini kabla ya hapo, Ijumaa ile ile, siku ya mwisho ya msimu, Ma Philo alivaa gauni lake la misa akaniambia nimpeleke mjini. Nilimwambia hakuna haja tena. Akasema ipo.

Bi Laronde alipotuona alifurahi, mafua yake na yote. "Mama! Umeamua?"

"Nipe fomu."

Akampa. Ma Philo akavaa miwani, akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wa shule ya zamani, taratibu, hakutaka nimsaidie. Kwenye Jina la Kimbunga akaandika Irvin. Bi Laronde akapumua kwa raha, akavuta muhuri wake karibu. Kisha Ma Philo akashuka kwenye ule mstari usemao Eleza Alichofanya, akaandika, akaigeuzia fomu upande wa karani.

Bi Laronde akasoma kwa sauti.

"Aliiezeka nyumba yangu." Akasita. "Mara ya pili."

Aliisoma tena, safari hii kimya. Akanitazama mimi. Nikatazama dari.

"Mama, hapa panatakiwa hasara."

"Hasara sina," Ma Philo akasema. "Piga muhuri."

Bi Laronde akapenga kamasi, akafuta macho kwa leso ile ile, akapiga muhuri.