Kitanda cha Dirishani

Usingizi unanichukua saa saba mchana, mara tu baada ya sindano, nikiwa kwenye kitanda kisicho changu. Ni cha Mama Shagembe. Asubuhi ameniona ninavyohangaika kupumua, maana nimelazwa kwa homa ya mapafu, akaniambia, njoo hapa dirishani mdogo wangu, kifua chako kinataka hewa, mimi nitalala kwako. Na nesi je? Tutamwambia akija. Tukahama na mashuka yetu na vikombe vyetu. Kadi zinazoning'inia upande wa miguu tukaziacha palepale, nani anakumbuka kadi? Nesi wa sindano amekuja na kuondoka, na mimi sikumwambia kitu.

Sasa kitanda kinatembea. Kinanipitisha korido baada ya korido, kila korido ina wodi, kila wodi ina dirisha, na chini ya kila dirisha amelala mwanamke ananitazama, na mwanamke huyo ni mimi. Anayesukuma amevaa koti jeupe na hana uso, barakoa imeanzia kidevuni ikaishia kwenye nywele. Namuuliza, tunakwenda wapi? Kinakokwenda kitanda. Namwambia, mimi ni Nyamizi Lusato, naumwa mapafu tu. Ananijibu kwa upole unaoniudhi, jina halisukumwi, dada, kinachosukumwa ni kitanda. Nainama nisome kadi. Imeandikwa kwa mwandiko wa haraka: kutoa kizazi. Mama Shagembe ana watoto sita na uvimbe, amekubali, ametia sahihi. Mimi nina miaka thelathini na minane, kumi na mmoja ya ndoa, na hata mimba ya kuharibika sijawahi kuipata. Mama mkwe ameacha kuniuliza, na hilo linaniuma kuliko alipokuwa akiuliza. Nishushe! Hashushwi mtu njiani. Mlango wa kutokea uko wapi? Uko kwa aliyeruhusiwa. Nani anaruhusu? Daktari. Yuko wapi huyo daktari? Anakusubiri huko tunakokwenda. Nashusha mguu, sakafu inasogea mbali. Napiga kelele, na wanawake wote wa madirishani wanafungua midomo pamoja nami, haitoki sauti hata moja. Korido inaisha, inaanza tena. Najilaumu, kinywa hiki kinachogombana sokoni kwa fungu la nyanya kimeshindwaje kumwambia nesi neno moja?

Nafumbua macho. Dirisha lipo, jua limehamia ukutani. Koo limenikauka, mwili mzito, sijui ni ile sindano ya mchana au ni dawa nyingine. Mama Shagembe amekaa kwenye kitanda nilichomwachia, amekunja uso kwa njaa. Pole mdogo wangu, ananiambia, umelala sana. Halafu anashusha sauti. Hivi hawa watu wananitaka lini? Tangu jana sijala, na mpaka sasa sijaitwa.

Mkono wangu uko juu ya shuka, na naogopa kuupeleka tumboni.