Lipu Aliyoipiga Marehemu

Makoti ya marehemu yalikuwa yameota ukungu. Mkunga aliyaona siku aliyosogeza kabati ili afagie nyuma yake: mgongo wa kabati umelowa, mbao zimevimba, na ukuta wa chumba unapukutika kama mkate wa juzi. Akayatoa makoti moja moja, akayanusa, akayakunja vizuri na kuyatia kwenye gunia. Akafunga gunia kwa kamba, akarudi kwenye ufagio wake. Baadaye tu, akinawa mikono, ndipo alipojiuliza kama mwanamke mwingine angekaa kitako akalia.

Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia tangu mumewe, dereva wa lori, alipofia barabarani. Mkunga alirudi zahanati mapema kuliko alivyoruhusiwa. Akawa anapokea watoto, anakata vitovu, anasema "hongera mama" kwa sauti ileile ya siku zote. Wenzake walimsifu kwamba amejaliwa moyo mgumu. Hakuwabishia. Kifuani alijisikia kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi: unajua upo kwa sababu unauona.

Lakini ukuta ulihitaji kutazamwa, na kazi haijawahi kumshinda.

Nyumba ilikuwa ya zamani, waliinunua wakiwa bado vijana. Kuta zake zilikuwa nene, tofali laini zilizojengewa kwa chokaa na udongo, hazina uwazi katikati. Marehemu hakuzipenda zilivyochubuka kwa nje. Kwa likizo mbili mfululizo alizipiga lipu ya saruji mwenyewe, huku dada yake akimkorogea mchanga. Walipomaliza alisimama barabarani, mikono kiunoni, akasema, "Sasa hata gharika ije!"

Gharika haikuja. Zilikuja mvua za kawaida tu.

Fundi wa kwanza aliyeitwa kutazama walimwita Fasta, na jina halikumsingizia. Alizunguka nyumba simu ikiwa sikioni.

"Hapa tunachonga palipooza, tunarudishia saruji, tunapaka rangi isiyopitisha maji. Wiki moja, mama, umenisahau."

Bei yake ilikuwa ndogo. Majirani nao wakamsukuma: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkunga akaitikia kwa kichwa.

Wa pili alikuwa mwanamke mnene mwenye kucheka kwa urahisi, Mama Chokaa. Huyu aligonga ukuta kwa mpini wa mwiko, akisogea, akisikiliza. Kila mahali palijibu kwa sauti ya debe tupu.

"Lipu imeachana na tofali," alisema. "Dada, nyumba hii ni bibi mzee aliyevalishwa koti la mvua la nailoni. Mvua inapenya kwenye nyufa, halafu haina pa kutokea. Inaingia chumbani kwako. Ukuta wa namna hii unataka kupumua."

"Nikiongeza saruji?"

"Utakuwa umemvalisha la pili. Hapa ni kubandua yote, kuuacha ukauke, kisha lipu ya chokaa, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Upande unaopigwa na mvua nitatumia chokaa kali kidogo, ile inayokaza upesi; kwingine laini inatosha. Na juu yake maji ya chokaa, siyo rangi ya plastiki."

"Bei?"

Mama Chokaa akaitaja, kisha akacheka kama anayeomba radhi. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya Fasta. "Kubandua peke yake ni theluthi. Tofali zako ni laini, tukiharakisha lipu itang'oka na nyuso zake. Na siwezi kukuapia zote zitapona."

Muuza vifaa vya ujenzi naye alikuwa na mchanganyiko wa chokaa ulio tayari, kwenye mifuko myeupe iliyoandikwa kwamba unapumua. Mkunga alipigia hesabu mzingo wa nyumba: ungemgharimu kuliko wote wawili. Akaketi mezani na bei tatu. Mafao ya marehemu yalikuwa benki, hayajaguswa. Alizitazama tarakimu kama anavyotazama joto la mgonjwa. Rahisi ghali, akajisemea, akampigia Mama Chokaa.

Wifi yake, msusi mwenye saluni mtaa wa pili, alizisikia habari kwa mteja. Akaja na kitana kikiwa bado kimechomekwa nyweleni.

"Wifi, ni kweli unaibandua lipu ya kaka?"

"Ukuta unaoza."

"Mimi ndiye niliyekoroga mchanga ule! Mikono ilinichubuka. Na yeye alikuwa akiimba juu ya ngazi, wewe ulikuwepo." Sauti ikampanda. "Unamzika kaka yangu mara ya pili. Na ile ya kwanza hukudondosha hata chozi. Watu waliona."

Mkunga alimmiminia chai. Hakumwaga hata tone, na hilo likazidi kumchoma wifi.

"Nimelitafuta hilo chozi, wifi," alisema. "Silioni. Kunywa chai."

Wifi hakunywa.

Siku ya kubandua, alikuja hata hivyo. Alisimama uani, mikono kifuani, kama askari wa zamu. Vijana wa Mama Chokaa walichomeka patasi juu ya dirisha la chumbani, wakagonga kidogo tu. Bamba la lipu kubwa kama mlango likainama na kudondoka zima. Nyuma yake tofali zilikuwa nyeusi, zinatiririka. Na mvua ilikuwa haijanyesha kwa majuma kadhaa.

Wifi akasogea. Akagusa tofali moja, na kidole kikazama. Alikitoa, akakitazama, akachota kiganja kizima cha tope jekundu.

"Sisi tulidhani tunaikinga," alisema.

Akaanza kulia, palepale, mbele ya vijana, kwa sauti. Mkunga akamshika mabega kama anavyowashika wanaoumwa uchungu, akamwambia taratibu, vuta pumzi, toa. Alisubiri na chozi lake lije. Halikuja. Lakini hakumwachilia, akabaki amemshika mpaka blauzi yake ikalowa.

Nyumba ilikaa uchi msimu mzima wa kiangazi. Wapita njia waliicheka. Tofali kadhaa hazikupona, zikabadilishwa. Ndani, harufu ya unyevu, kama ya pango, ilipungua kidogo kidogo, mpaka siku moja mkunga aliingia chumbani akakuta haipo, wala hakujua iliondoka lini.

Lipu ya chokaa ilipoanza kupigwa, ilitaka kulelewa. Jua lisiikaushe upesi, la sivyo itapasuka. Kila mkono mmoja ulipokwisha, Mama Chokaa alitundika magunia mabichi ukutani na kuagiza yasikauke. Mkunga aliyalowesha kabla ya kwenda kazini. Mchana alikuja wifi, akiacha wateja na vichwa nusu. Jioni waliyalowesha pamoja, wakipokezana ndoo.

Mkono wa mwisho ulipokauka, Mama Chokaa akaja na pipa la maji ya chokaa.

"Nitie rangi gani? Nyeupe tupu, ama nichanganye na udongo?"

"Mwulize wifi," mkunga akasema.

"Mimi silali humu," wifi akajibu. "Wewe unataka ipi?"

Mkunga alijaribu kutaka. Alisimama mbele ya ukuta kwa muda, ndoo mkononi. Hakuna lolote lililomjia.

"Isiwe nyeupe," alisema hatimaye.

"Kwa nini?"

"Sijui. Siitaki tu."

Wifi akamtazama, kisha akacheka, akamgeukia fundi. "Haya, umesikia mwenye nyumba. Hataki nyeupe."

Mama Chokaa akachota udongo wa manjano, akauchekecha ndani ya pipa, akaanza kukoroga. Mkunga alitua ndoo, akaingia ndani kuvaa sare ya kazi. Zamu yake ilikuwa inakaribia.